Pumzi za Wazee na Maneno ya Sheria

Barua za mwezi huu zimekuja kutoka miji mbalimbali, ila zote zinauliza jambo moja: utengamao wa mapafu, yaani mpango wa mazoezi, mafunzo na uangalizi kwa watu ambao mapafu yao yameharibika kwa kudumu, na namna bima inavyoulipia au kukataa kuulipia. Nimechagua barua nne na kuzijibu kwa urefu unaotofautiana, kwa kuwa uzito wake pia unatofautiana.

Swali: Shikamoo Mshauri. Baba yetu ana miaka 71 na tunaishi naye Columbus, Ohio. Alivuta sigara miaka yote aliyoendesha malori kutoka Mombasa, na sasa ana ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ule ambao madaktari huuita COPD. Mwezi Machi alilazwa siku sita. Aliporuhusiwa alipewa dawa za kuvuta na mashine ya oksijeni, basi. Jirani yetu ambaye ni muuguzi alishangaa kwamba hakupelekwa kwenye mazoezi ya mapafu. Baba ana Medicare, ile bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, Sehemu B inayolipia madaktari na huduma za wagonjwa wa nje. Je, bima hiyo hulipia? Na kama hulipia, mbona hakuna aliyetuambia? — *Binti wa Dereva*

Jibu: Marahaba, na shikamoo zangu zimfikie mzee. Ndiyo, Medicare hulipia, na hulipia kwa sababu ya sheria iliyotungwa mahususi kwa jambo hilo. Kabla ya hapo, malipo yalitegemea uamuzi wa kampuni zilizopewa kazi ya kushughulikia madai katika kila eneo, hivyo mgonjwa wa jimbo moja aliweza kuhudumiwa huku mwenzake wa jimbo jingine akinyimwa. Mwaka 2008 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuboresha Medicare. Rais George W. Bush aliikataa kwa kura ya turufu, na tarehe 15 Julai mwaka huo Bunge likaipitisha tena bila ridhaa yake. Ndani ya sheria hiyo kilikuwamo kifungu kilichoufanya utengamao wa mapafu kuwa haki ya mwanachama wa Sehemu B kuanzia tarehe 1 Januari 2010.

Haki hiyo ina masharti. Ugonjwa uwe umefikia kiwango cha kati, kikali au kikali sana, na kiwango hicho hujulikana kwa spirometria, kile kipimo cha kupuliza kwa nguvu kwenye mrija. Daktari anayemtibu mzee kwa ugonjwa huo aandike agizo. Medicare hulipia hadi vipindi 36, visivyozidi viwili vya saa moja kwa siku, na vingine 36 vinaweza kuongezwa iwapo sababu za kitabibu zitathibitishwa. Jumla ni 72, kwa hiyo msianze katika majuma ambayo mnajua usafiri hautapatikana. Baada ya mzee kutimiza kiasi ambacho kila mwaka hulipa kwanza mwenyewe, atachangia asilimia 20 ya gharama, isipokuwa kama ana bima ya ziada inayobeba sehemu hiyo. Ikiwa mpango wake ni wa kampuni binafsi, ule unaoitwa Medicare Advantage, hauwezi kumnyima kilichomo katika Medicare ya kawaida, lakini unaweza kudai idhini ya awali na kumtaka atumie vituo vilivyo kwenye orodha yake. Piga simu ukaulize hayo mawili kabla ya siku ya kwanza.

Umeuliza mbona hamkuambiwa. Mwaka 2020 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti uliofuatilia wanachama 197,376 wa Medicare waliolazwa kwa COPD mwaka 2014. Walioanza utengamao ndani ya siku 90 baada ya kutoka hospitali walikuwa kama asilimia 1.5 tu. Kati ya hao, asilimia 7.3 walifariki ndani ya mwaka mmoja, ilhali kati ya waliochelewa au hawakwenda kabisa walifariki asilimia 19.6. Sehemu ya tofauti hiyo hutokana na ukweli kwamba anayeweza kwenda mazoezini huwa tayari ana nafuu kuliko asiyeweza, na watafiti walilizingatia hilo katika hesabu zao. Hata hivyo tofauti ilibaki. Baba yako yumo katika kundi la asilimia 98 na zaidi ambao waliondoka wodini na hawakuanza mapema. Katika miaka yangu ya fiziotherapia, hili ndilo lililoniumiza kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu nimewaona wazee walioletwa kwetu wakiwa wameshachelewa kwa miaka mitatu au minne, na kila mmoja alisema maneno yaleyale: sikuambiwa.

Mweleze mzee pia kwa nini mazoezi husaidia ilhali mapafu hayaponi, maana anayekosa pumzi huogopa kutembea, na hofu hiyo ni ya haki. Anapoacha kutembea, misuli ya miguu hudhoofika. Misuli dhaifu huitumia oksijeni vibaya na huzalisha asidi mapema, na asidi hiyo huulazimisha mwili uheme zaidi. Basi hatua kumi za kwenda chooni zinamgharimu pumzi ambazo zamani zingemfikisha sokoni. Mazoezi yanayopimwa na kuongezwa kidogokidogo huirudishia misuli nguvu, na mapafu yaleyale mabovu yakabaki na kazi ndogo zaidi. Hapo tena hufundishwa kupumua kwa kubana midomo kama anayepoza chai, ili hewa itoke polepole na mirija isijifunge kabla hewa haijaisha. Atafundishwa pia kutumia dawa za kuvuta ipasavyo, jambo ambalo wengi hulikosea, na atapata wa kuzungumza naye juu ya hofu na huzuni inayoandamana na ugonjwa huu.

Kwa hiyo fanyeni miadi na daktari wake, muombe agizo kwa maandishi, na muulize tarehe na matokeo ya spirometria yake ya mwisho, maana faili lisilo na matokeo hayo hurudishwa. Hospitali inayopokea fedha za Medicare inapaswa kumpatia mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Usikubali wewe ndiwe uwe mkalimani wake kila mara. Dai likikataliwa katika Medicare ya kawaida, mna siku 120 tangu kupokea taarifa ya uamuzi kuomba uangaliwe upya. Kila jimbo lina mpango wa serikali wa kuwashauri wanachama wa Medicare bure, unaojulikana kwa kifupi kama SHIP, nao watawasaidia kuandika rufaa.

Swali: Mama yangu alizaliwa Bukavu na sasa tuko Louisville, Kentucky. Akiwa msichana aliugua kifua kikuu mara mbili. Alipona, lakini mapafu yalibaki na makovu na mirija yake ya hewa imetanuka. Anakohoa kila asubuhi na hawezi kupanda ngazi. Hospitali imesema Medicare hailipii utengamao wa mapafu kwa ugonjwa wake. Inawezekanaje, na mama anahema kuliko hao wa sigara? — *Mtoto wa Mama*

Jibu: Inawezekana kwa sababu ya maneno ya sheria. Sheria ya 2008 iliutaja ugonjwa mmoja kwa jina, nao ni COPD ya kiwango cha kati kwenda juu. Kuanzia tarehe 1 Januari 2022 kanuni ziliongeza kundi la pili, watu ambao UVIKO-19 uliwaachia matatizo ya kupumua yaliyodumu angalau wiki nne. Makovu ya kifua kikuu, kutanuka kwa mirija na kukakamaa kwa mapafu havikutajwa. Misuli ya miguu ya mama yako haijui jina la ugonjwa ulioidhoofisha, na ingenufaika kama misuli ya mgonjwa mwingine yeyote; ila karani wa madai analijua jina, na ndilo analolitafuta. Siliandiki hili kwa utulivu. Kifua kikuu ni ugonjwa wa watu wetu kuliko ulivyo ugonjwa wa waliokuwa wakiandika sheria ile, na sidhani kama yeyote kati yao alimfikiria mwanamke wa Bukavu ambaye siku moja angezeeka Kentucky.

Msikate tamaa lakini, kwa kuwa milango haijafungwa yote. Kwanza, je, mama amepimwa spirometria? Kifua kikuu cha zamani chenyewe kinaweza kuacha mirija iliyoziba kwa namna inayotimiza vigezo vya COPD, hata kwa mtu ambaye hakuwahi kugusa sigara, hasa kama alipikia kuni au makaa kwa miaka mingi. Kipimo kikionyesha hivyo na daktari akauthibitisha ugonjwa huo kwa uaminifu, mama anaingia katika sheria bila kulazimisha neno lolote. Nasema kwa uaminifu kwa kuwa nimewahi kusikia ushauri wa kuandika COPD ili tu dai lipite. Hilo ni udanganyifu, na litawarudia ninyi na daktari.

Pili, hospitali nyingi zina huduma za upumuaji zisizoitwa utengamao wa mapafu kisheria, yaani mazoezi ya kuimarisha misuli ya kupumua, ana kwa ana au katika kikundi, ambazo Medicare inaweza kuzilipia kwa misimbo mingine, yaani namba za huduma zinazoandikwa kwenye dai, kulingana na sera ya eneo. Uliza hivi: kama hastahili mpango wenyewe, mnatoa huduma gani za upumuaji nje ya mpango?

Tatu, na huu ndio mlango ninaoujua vizuri, ni fiziotherapia ya kawaida. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kumtibu mama kwa udhaifu wa misuli, kushindwa kupanda ngazi na hatari ya kuanguka, bila kujali kama chanzo ni sigara, kifua kikuu au uzee, mradi aandike malengo yanayopimika na daktari auidhinishe mpango wa matibabu. Zamani kulikuwa na kikomo cha fedha kwa mwaka, na mgonjwa alipokifikia aliambiwa aende nyumbani. Kikomo hicho kiliondolewa mwaka 2018. Kilichobaki ni kiwango ambacho kikivukwa mtaalamu hulazimika kuthibitisha kwamba matibabu bado yanahitajika. Mwaka 2025 kilikuwa dola 2,410, kwa fiziotherapia na tiba ya usemi kwa pamoja. Mtafuteni mtaalamu aliyezoea wagonjwa wa moyo na mapafu, anayeweza kumpima oksijeni huku akitembea na kumfundisha kutoa makohozi ya asubuhi. Hatapata kila kitu ambacho mpango kamili ungempa, lakini atapata sehemu kubwa ya kile kinachomrudishia mtu ngazi zake.

Swali: Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia niliyesomea Nairobi na sasa nina leseni ya Texas. Katika kliniki yetu ndogo nina ujuzi wote wa kuendesha utengamao wa mapafu, na hospitali iliyo karibu ina orodha ndefu ya wanaosubiri. Kwa nini siruhusiwi kudai malipo ya mpango huo? Na sisi wahamiaji tunaweza kufanya nini juu ya sheria za Marekani? — *Mwenzenu wa Houston*

Jibu: Ndugu yangu, huruhusiwi kwa sababu sheria inauelezea utengamao wa mapafu kuwa mpango unaosimamiwa na daktari, unaotolewa katika ofisi ya daktari au katika idara ya wagonjwa wa nje ya hospitali. Wewe unaweza kuwa mkono unaofanya kazi yote ndani ya mpango huo, ila msimamizi anayepatikana mara moja, na anayetia sahihi mpango wa mgonjwa kila baada ya siku 30, ni mwingine. Peke yako unadai kwa misimbo ya fiziotherapia.

Lakini tazama jinsi maneno hayo yanavyobadilika pale watu wanapoyashughulikia. Sheria ya bajeti ya 2018 iliruhusu wauguzi wenye leseni ya kutibu na wasaidizi wa daktari wenye leseni kusimamia vipindi, ruhusa iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024. Miaka sita kati ya sahihi na utekelezaji! Na hata sasa wanasimamia bila kuwa na mamlaka ya kuagiza. Agizo la kumwingiza mgonjwa katika mpango bado ni la daktari. Kumekuwa na miswada ya kuwapa mamlaka hayo, na mingine ya kuruhusu utengamao wa moyo na mapafu utolewe nyumbani kwa njia ya video. Wakati wa janga la UVIKO-19 hospitali ziliweza kufanya hivyo. Ruhusa ile ilikoma pamoja na hali ya dharura tarehe 11 Mei 2023, na wagonjwa wa vijijini, ambao kwao kituo kiko mwendo wa saa mbili kwa gari, wakarudi pale walipokuwa.

Jambo jingine ambalo wengi hawalioni ni fedha. Sheria ya bajeti ya 2015 ilipunguza malipo ya idara za hospitali zilizo zaidi ya yadi 250 kutoka majengo makuu, kama hazikuwa zikitoa huduma pale kabla ya tarehe 2 Novemba 2015. Tangu 2018 nyingi hulipwa asilimia 40 tu ya kiwango cha kawaida. Lengo lilikuwa kuzizuia hospitali kununua ofisi za madaktari na kupandisha bei. Utengamao wa mapafu haukuwa na kosa hilo, ila huhitaji ukumbi mpana, maegesho ya karibu na mlango usio na ngazi, vitu ambavyo hupatikana nje ya majengo makuu. Hospitali iliyotaka kuupanua mpango wake ikakuta kwamba kuhama kunaua mapato yake. Hiyo orodha ndefu ya jirani zako huenda ina mizizi yake hapo.

Kuna somo lingine la fedha ambalo napenda kulirudia kwa kila mwenzangu. Mwaka 2011 hospitali zililipwa takribani dola 63 kwa kipindi cha saa moja. Mwaka 2012 zikalipwa takribani dola 37. Hakuna mbunge aliyepiga kura kupunguza. Medicare hukokotoa malipo kutokana na bei ambazo hospitali zenyewe zinaandika, na hospitali nyingi zilikuwa zimeichukua bei ya huduma ya zamani ya dakika 15 na kuibandika kwenye huduma mpya ya saa nzima. Takwimu zikasema kazi hii ni rahisi, na malipo yakafuata takwimu. Vyama vya taaluma vikalazimika kuzunguka kuwafundisha watu wa idara za hesabu. Kwa hiyo utetezi huanzia katika kuandika sawasawa kile unachokifanya, kabla hujafika Washington.

Sasa, wahamiaji wafanye nini. Huhitaji uraia ili uandike maoni. Kila majira ya kiangazi idara inayosimamia Medicare huchapisha rasimu ya kanuni za malipo za mwaka unaofuata na kutoa siku 60 za kupokea maoni kutoka kwa mtu yeyote. Kanuni kamili hutoka karibu na mwanzo wa Novemba na kuanza Januari. Idara inapotoa kanuni kamili hulazimika kuzijibu hoja nzito zilizoletwa. Andika kurasa mbili: wewe ni nani, kifungu gani, mgonjwa gani asiye na jina aliumia vipi, na neno gani libadilishwe kuwa lipi. Barua ya nakala moja iliyotumwa na watu elfu haina nguvu kama hiyo. Kwa wabunge, ofisi ya mbunge wa eneo lako hupokea wakazi wote, na mara nyingi utazungumza na msaidizi kijana anayeshughulikia afya. Usimdharau, maana ndiye atakayemwandikia bosi wake muhtasari. Nenda na mgonjwa mmoja mwenye mtungi wake wa oksijeni. Chama cha taaluma yetu, APTA, na vile vya utengamao wa moyo na mapafu huandaa siku za kwenda bungeni, na wanachama wanaozungumza lugha zaidi ya moja wanahitajika sana huko.

Jiandae kwa muda mrefu. Kile kikomo cha fiziotherapia nilichokitaja kwa Mtoto wa Mama kiliwekwa mwaka 1997. Kilisimamishwa, kikarejeshwa, kikawekewa misamaha ya mwaka mmojammoja ambayo kila Desemba iliwaacha wagonjwa roho juu, hadi kilipofutwa Februari 2018. Walioandika barua za kwanza walikuwa karibu kustaafu.

Swali: Mimi niko Nakuru, Kenya. Je, bima yetu mpya ya afya inaweza kuwekewa kifungu kama hicho cha Marekani? — *Mwalimu Mstaafu*

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Inaweza, na njia yake ni fupi kuliko ya Marekani. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, iliyoleta Mamlaka ya Afya ya Jamii mahali pa NHIF, ule mfuko wenu wa zamani wa bima ya hospitali, tangu Oktoba 2024, inaunda jopo la kushauri kuhusu mafao na ada, na ada hizo huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Maana yake ni kwamba huhitaji sheria mpya. Unahitaji mstari mmoja katika jedwali la mafao unaoutaja utengamao wa mapafu, idadi ya vipindi na bei. Ningependa mstari huo usirudie kosa la Marekani la kutaja ugonjwa mmoja. Utaje upungufu wa pumzi wa kudumu unaotokana na ugonjwa wowote wa mapafu, kikiwamo kifua kikuu kilichopona.

Jopo likikaa kimya, Katiba yenu ya 2010, kifungu cha 119, inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge rasmi kushughulikia jambo lolote lililo katika mamlaka yake, na kifungu cha 118 kinalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi. Mkumbushe mbunge wako kwamba Mei 2023 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio la kuimarisha huduma za utengamao ndani ya mifumo ya afya. Na akisema kwamba ni anasa ya nchi tajiri, mwambie kuhusu Kampala: watafiti wa Uganda na Uingereza waliendesha mpango wa wiki sita kwa kundi dogo la watu walioachiwa makovu na kifua kikuu, mara mbili kwa wiki, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2017 wagonjwa waliweza kutembea mbali zaidi, na maumivu ya kifua yakapungua. Kazi kama hiyo inaweza kuanza na ukumbi mrefu, ngazi moja ya mbao, chupa zilizojazwa mchanga badala ya vyuma, kipimo cha oksijeni cha kidoleni na mtaalamu wa fiziotherapia anayelipwa. Vya mwanzo vyote unaweza kuvipata Nakuru kesho asubuhi. Anza ombi lako na hicho cha mwisho.